Mama Anayetutembeza Kitui

Mama anayetutembeza mjini Kitui alikuwa akimshikia maikrofoni mtengeneza filamu aliyeuawa kwa kurekodi wezi wa mchanga wa mtoni. Huongea polepole, na kila kona hugeuka kuangalia nyuma. Alituonyesha chumba alichopanga marehemu, akaugusa mlango kwa kiganja, kisha akatuonyesha kibanda alichohariria filamu zake. Tulipofika darajani, lori la mchanga likasimama kando yetu. Dereva akachungulia.

“Mama, bado unaleta watu hapa?”

Tulidhani Mama atatuondoa hapo.

“Bado,” akajibu kwa sauti iliyofika ng’ambo ya mto. “Nawaonyesha pale mlipomuulia. Shuka nikuonyeshe na wewe.”

Dereva akarudisha kichwa ndani, akaondoka. Mama akaketi chini, akaomba maji.