Mkate wa Bi Tabu na Kibati cha Marijani

Saa moja kasoro asubuhi, Albano Chitanda anapiga ishara ya msalaba, kisha anachuchumaa mbele ya rundo la vyuma chakavu kwenye karakana moja ya Chang'ombe. Mabomba kushoto, makomeo kulia. Kitu cha mviringo kinamjia mkononi. Anakipuliza vumbi, anakisogeza kwenye mwanga.

“Washa ya bolti tu,” anasema na kuitupa. “Shetani kaanza mapema leo.”

“Pole, Gavana wa Benki!” wenzake wanamtania.

Anatafuta vibati: vipande vya shaba ambavyo wenye maduka walivigonga mihuri yao wakati wa vita vya Hitla, senti zilipoadimika. Mteja alipewa kibati badala ya chenji, akakirudisha siku nyingine apewe mkate au chumvi. Vita vilipokwisha, vingi vikatupwa.

Albano, mwenye miaka arobaini na mitano, ameokoa sitini na vitatu. Kila anapochukua kimoja, anaweka shaba ya uzito uleule, aliyoinunua kutoka kwenye mshahara wake wa shilingi mia tatu na themanini. “Rundo si langu,” anasema.

Kimoja kilimliza. Marehemu mama yake, muuza mihogo wa Temeke, alimwachia kibati cha duka la Mzee Marijani. Albano, ambaye kila Jumamosi hung'arisha vinara vya kanisa, alikisugua vivyo hivyo, kwa majivu na limau. Kiling'aa kweli. Maandishi yakafutika.

“Nilikuwa sijui kusoma, bwana. Nikadhani ni uchafu.”

Mwaka jana, 1974, alijiunga na kisomo cha jioni. Neno la kwanza alilomwomba mwalimu amwandikie ni Marijani.

Jumapili iliyopita jirani yake, Bi Tabu Mwinshehe, aliposikia habari hizo, alimwita barazani. Kwenye kamba ya ufunguo wa sanduku lake kilining'inia kibati. Albano akakisoma polepole: MARIJANI. MKATE MMOJA.

“Shikamoo, bibi. Niuzie.”

“Marahaba. Nikuuzie nini? Nilikipeleka, nikakuta duka limefungwa. Miaka thelathini mie nadai mkate wangu!”

Albano akatoka mbio, akarudi na mkate wa moto. Bi Tabu akaunusa, akasema bismillahi, akaumega na kumpa kipande. Ndipo akafungua kamba.

Sasa Albano anachonga ubao wa kutundika darasani kwao. Kibati cha Bi Tabu kitakaa katikati, na cha mama yake, kile kitupu, ubavuni.

“Mungu akinijalia, watu wakione nilichokifuta,” anasema. “Wajue kwa nini tunakuja kusoma.”