Ngoma ya Visigino

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kusimama. Nilisimama mlangoni pa loji moja hapa Karatu, sinia la juisi mkononi, nikisubiri wageni wanaotoka kutazama wanyama kreta, na vumbi lao. Meneja alitaka tusimame wima, bila kutikisika, kama picha.

Ikifika jioni miguu imevimba, viatu havivuliki. Mishipa ya kijani ikaanza kujisokota nyuma ya magoti. Mume wangu, mkulima wa vitunguu Mang'ola, akanisindikiza hospitali.

Daktari aliuliza nimezaa mara ngapi, nasimama muda gani, na kama mama yangu alikuwa na miguu hiyo. Mara nne, kutwa, ndiyo. Akaeleza kwamba damu ikishafika miguuni lazima ipande kurudi moyoni, na ndani ya mishipa mna vali ndogo za kuizuia isishuke tena. Zikilegea, damu inatuama, mshipa unatanuka, na ukitanuka vali zinazidi kushindwa kufunga.

"Na pampu iko wapi?" mume wangu akauliza, kwa makini ya mtu aliyezoea mashine za kumwagilia.

"Kigimbi. Akitembea, kinakamua damu kwenda juu. Akisimama tuli, pampu imezimwa."

"Basi tubadilishe vali, daktari. Spea zinauzwa wapi?"

"Hakuna spea, mzee. Awe anainua visigino na kushusha. Akipumzika, miguu iwe juu."

Kesho yake, sinia mkononi, nikaanza: juu, chini, juu, chini. Gari la kwanza lilipofika, wazungu sita walinitazama, wakaweka mabegi chini, nao wakaanza kuinua visigino. Dereva wao akawaeleza, bila kupepesa macho, kwamba ni ngoma ya kuombea mvua.

Nilitaka kukanusha, lakini meneja alikuwa anapiga makofi. Wiki iliyofuata wapishi na mlinzi walipangwa mstari mmoja nami.

"Dada, hii ngoma ni ya wapi?" mlinzi, Mwiraqw wa Mbulu, akaninong'oneza. "Kwetu haipo."

"Ya vigimbi."

Akaitikia kwa heshima, akidhani ni ukoo.

Uvimbe wa jioni ulipungua. Mishipa iliyojisokota ilibaki. Siku moja bibi mmoja mgeni aliitazama miguu yangu, akapandisha suruali kunionyesha soksi ndefu za kubana. Akaniachia jozi mpya. Daktari alizikagua, akasema zinanifaa. Kila asubuhi kuzivaa ni kazi ya watu wawili, mume wangu akivuta kama anayemnasua ng'ombe matopeni.