Madumu Mawili Matupu Kwenda Rumonge

Nilisafiri kwa sababu ya simu moja. Dada yangu Zaituni, anayeuza mawese Rumonge, aliniambia hajagusa maji ya ziwa tangu mumewe afariki. Eda ilikwisha mwaka jana, lakini bado alikuwa mtu wa dukani na chumbani, basi. "Michezo iliisha, Ramadhani," alisema. "Sasa mimi niko muzee." Maneno hayo yaliniuma. Huyu ndiye aliyenishinda utoto mzima katika mbio za madumu: unalalia dumu tupu kwa tumbo, mdomo wake ukielekea miguuni, unapiga mateke mpaka kwenye mtumbwi uliofungwa, kisha unarudi. Nina miaka hamsini na miwili, na sijamshinda hata mara moja.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka Buyenzi, Bujumbura, ambako nina cherehani yangu, nikapanda gari la abiria nikiwa na madumu mawili ya njano. Nilikuwa nimeyaosha kwa sabuni na kukaza vifuniko kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeambiwa kesho hakuna shule.

Kabezi tulisimama kupakia mihogo. "Muzee, unaenda kununua mawese?" dereva aliuliza. Nikamwambia ukweli, kwamba nakwenda kushindana na dada yangu majini. Akapunguza redio.

"Dada yako iko na miaka ngapi?"

"Sitini."

Akanitazama mimi, akayatazama madumu, akaondoa gari.

Tulipofika Magara alimwambia kila mtu. Mama mmoja aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, alinikagua toka juu hadi chini. "Atakushinda," alisema. "Miguu yako iko myembamba sana." Kisha akanifungia ndagala za kumpelekea dada. Nikamshukuru, murakoze, nikapanda gari nimenuna kidogo.

Saa nne nilikuwa Rumonge, mlangoni pa duka linalonukia mawese.

"Amahoro, Yaya," nilimsalimu dada yangu.

"Amahoro, mudogo wangu. Unataka mawese ya bido mbili?" aliuliza, akiyatazama madumu yangu.

"Sitaki mawese. Nataka kisasi."

Hakucheka. Aliendelea kufuta faneli yake ya kumiminia mawese. Nikaona nimekuja bure. Nikamwambia watu wa Magara wameshaamua kuwa atanishinda.

"Watu wa Magara wanakujua vizuri," alisema. Akachukua dumu moja, akaligonga, akaligeuzageuza. Akachukua la pili. "Hii nyepesi ni yangu." Akafunga duka.

Ufukweni, wanawake waliokuwa wakifua walitupisha. "Toa shati, mimi nashika bido," Zaituni aliniambia. Nikalikunja shati polepole, mshono juu ya mshono, kama fundi. Alipohesabu "rimwe, kabiri", yeye alikuwa ameshaondoka. Nilimpita! Nilifika kwenye mtumbwi wa kwanza kufika, nikageuka, na hapo dumu likaanza kuwa zito. Nikapiga mateke zaidi, nikazama zaidi, mpaka magoti yakagusa mchanga. Zaituni akanipita akinirushia maji usoni, akicheka kile kicheko chake cha kukatika pumzi ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Wafuaji wakapiga makofi. Nikasimama, maji kiunoni, nakohoa, na nilifurahi kiasi cha kusahau kwamba nimeshindwa tena.

Saa tisa alinisindikiza kwenye gari, lilelile la asubuhi, na dumu moja limejaa mawese, zawadi yake. Nikamuuliza kwa nini lile la pili, tupu mkononi mwangu, lilinizamisha. Akafungua fundo la kitenge chake, akaniwekea kifuniko kwenye kiganja.

"Hii ni yako."

Nilikitazama. Nikakumbuka nilivyokunja shati huku yeye ameshika dumu langu.

"Yaya. Tangu lini?"

"Tangu tuko batoto."

Miaka yote hiyo nimeilaumu miguu yangu. Zaituni alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari, na dereva ikabidi azime injini.

Kwa hiyo nimejifunza kwamba miguu yangu haina kosa. Nimejifunza pia kwamba dada yangu hakuwa amezeeka. Alikuwa amekosa mtu wa kumfanyia ujanja. Jana alinipigia, yeye mwenyewe, kuuliza nitarudi lini. Kifuniko nimeshakifunga kwenye dumu kwa uzi wa kushonea jinzi, mara tatu.