Papa Gauthier na Nyumba Iliyo Chini ya Tuta

Papa Gauthier alipostaafu kazi ya kuchomelea vyuma, alinunua shamba nje kidogo ya Likasi, akaziba kijito kwa tuta la udongo ili afuge tilapia. Bwawa lilipojaa alitembea juu ya tuta, mikono nyuma, kama gavana aliyekuja kukata utepe. Halafu akajenga nyumba chini ya tuta hilo hilo, maana alitaka kila asubuhi afungue dirisha aione kazi yake. Mkewe, Maman Danielle, aliuliza kama hapakuwa na mahali pengine. Akamjibu kwamba mambo ya maji awaachie wanaume. Siku hizi maneno hayo huyarudia mwenyewe, kabla mkewe hajamkumbusha.

Kabla ya mvua, injinia mmoja wa kike, Christiane, alipita kukagua mabwawa ya watu binafsi. Papa Gauthier alivaa koti la kanisani akingoja sifa. Christiane alilikanyaga tuta, akatazama bonde, akaliandika katika kundi la hatari kubwa.

"Hatari? Piga hii digue ya udongo na nyundo, Maman Injinia! Itatikisika?"

"Papa, sisemi digue yako ni mubaya. Classement ya hatari inaangalia kama siku moya inapasuka, maji itafika kwa nani. Ile nyumba kule chini ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na unalalaka mule?"

"Njo mule nalalaka."

Christiane hakucheka. Maman Danielle, aliyekuwa akichuma mboga za lengalenga pale karibu, alicheka kwa niaba ya wote.

Christiane alimwonyesha pia mfereji wa kando, wa kutoa maji yanapozidi. Papa Gauthier alikuwa ameufunga kwa wavu ili samaki wasitoroke. Majani yakiuziba, Christiane alisema, maji yatapita juu ya tuta na kulimega. Papa Gauthier aliitikia kwa adabu zote, na wavu akauacha palepale. Samaki walikuwa wamekaribia kunona.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja mchana. Majani yakajaa kwenye wavu, maji yakapanda hadi karibu na ukingo. Papa Gauthier alisimama na mwavuli, akiwaonea huruma samaki. Maman Danielle akatoka nyumbani, godoro kichwani.

"Gauthier! Chagula: samaki ao miye?"

Kwa aibu yake, alifikiri kidogo. Kisha akachukua panga, akateleza, akaingia majini kwa makalio na kuukata wavu. Maji yakaondoka na wavu, samaki, mwavuli na kiatu kimoja. Tuta likabaki, limemegeka begani.

Jioni jirani wa bondeni, Gaston, alimwita kwa furaha. "Papa, kuya tukule! Samaki imejaa mu mahindi!" Papa Gauthier alikula bukari, ugali wa kwao, na samaki aliowalisha mwenyewe, akawasifu, akaomba kipande kingine.

Baadaye alipanua mfereji, akahamia kilimani. Christiane aliporudi alisema kundi la hatari ni lile lile: nyumba ya Gaston bado iko chini. Safari hii Papa Gauthier hakubishana. Alitundika kipande cha reli mtini kando ya tuta, wakakubaliana kwamba kikilia, bonde lote lipande kilimani.

Jumapili walijaribu. Alikipiga, majirani wakapanda mbio, naye akawapita wote njiani, nyundo mkononi, ingawa ndiye aliyejua hakika kwamba bwawa lilikuwa shwari.