Valdivino na Mlango wa Kaka Yake

Mwaka mzima Valdivino Pacheco alikamua ng'ombe kama sisi wengine wa kaskazini mwa jimbo la Minas. Kuanzia mkesha wa Krismasi hadi sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita Januari, alikuwa mtu mwingine. Alishika gitaa lake la nyuzi kumi, akafuata bendera ya Mamajusi tuliyoipeleka nyumba kwa nyumba kubariki watu, na mlango ukifunguliwa anamtungia mwenyeji beti papo hapo. Mimi nilimpigia ngoma miaka thelathini na mmoja. Redio ya mjini ilimwita mara mbili, akatoa na santuri moja, akarudi akilalamika kwamba huko aliimbia ukuta.

Kwa maneno makavu hakuwa na lolote. Hata alipomposa mkewe, Dirce, alitumia beti. Dirce akamkatiza, "Wewe, unanioa au unaimba tu?" Valdivino akaanza ubeti mwingine.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kumwimbia ni kaka yake, Ozório. Waligombania ndama aliyekutwa mpakani mwa mashamba yao, hana chapa. Valdivino akamtia chapa yake na kuapa ni wake. Wakanuniana miaka kumi na tisa. Jina la Ozório likawa mwiko mbele yake, na sisi, kwa uoga wetu, tukamficha hata mambo ambayo ndugu anapaswa kuyajua. Kila mwaka alipanga njia ya kuikwepa nyumba ile.

Sasa, bendera hairudi ilikopita, na mlango uliofunguliwa haurukwi. Ndivyo tulivyokuta kwa wazee. Mwaka mmoja mvua ikabeba daraja, ikabaki njia moja tu, ya kwa Ozório.

"Tukate kichakani," Valdivino akasema.

"Bendera ya Mamajusi ipite kichakani kama mwizi wa kuku?" nikamjibu. "Mzee mzima, acha utoto!"

Mlango ulikuwa wazi. Ozório alisimama kizingitini na mkewe, Zulmira. Valdivino akaimba. Sijamsikia akiimba vile kabla wala baada. Akaimba ziwa moja walilonyonya, akaimba mama yao, akaomba radhi kama aliwahi kukosa. Mpiga fidla alilia hadi akapoteza wimbo.

Ozório alimtazama midomo kwa adabu. Kisha akamgeukia mkewe. "Kamaliza?" akauliza kwa sauti kubwa.

"Ana nini huyu?" Valdivino akatuuliza.

"Hasikii, shemeji, mwaka wa sita huu," Zulmira akasema. "Kwani hawakukwambia?"

Tukatazama viatu vyetu. Zulmira akamwinamia mumewe sikioni na kupiga kelele. "Anaomba msamaha!"

"Wa nini?"

"Hajasema!"

Na kweli. Beti nane, zote nzuri, na ndama hakutajwa hata mara moja. Valdivino akaanza kukaza nyuzi ili aimbe tena. Zulmira akazifunika kwa kiganja.

"Bila hilo, shemeji."

Nikamwonea huruma. Valdivino akashusha gitaa, akalisogelea sikio la kaka yake. Lakini kiziwi hanong'onezwi, ikabidi apaze sauti ile ile iliyompeleka redioni, mbele yetu sote na majirani waliojaa uani.

"Ndama alikuwa wako, kaka! Nilijua tangu siku ile!"

Ozório akaibusu bendera kwanza, kama inavyopasa.

"Yule ng'ombe alishakufa, mdogo wangu," akasema. "Ingia ule."