Kurasa Alizoziruka Shangazi

Kwa miaka ishirini na sita, mtu akipiga simu hospitali kuu ya mji wetu, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya shangazi yangu. "Subiri kidogo," angesema, kisha akamuunganisha na wodi. Wauguzi wakambandika jina la Subiri Kidogo, nalo likamganda hata alipostaafu. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe kusubiri hakukujua. Chai aliinywa ingali inaunguza, na sentensi ya mwenzake aliimalizia kabla mwenyewe hajafika nusu.

Baba yangu, kaka yake mkubwa, alikuwa kinyume chake. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mtu asiyevumilia nukta iliyokosewa hata kwenye kadi ya harusi. Kisukari kikamla macho, la kushoto kwanza, mwaka uliofuata la kulia. Mimi ndiye niliyeishi naye. Nilimpikia, nilimfulia, nilimdunga sindano zake, nikajiona nimemaliza wajibu.

Shangazi akajitolea kuja kumsomea kila Jumamosi. Baba alichagua riwaya nene juu ya ndugu wawili waliorithi kiwanda cha chumvi. Aliisahihisha ujanani, lakini alisema hakuwahi kuifurahia, maana kazi yake ilikuwa kuwinda makosa. Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha shangazi akaanza kusoma jicho moja kitabuni, jicho jingine kwenye saa ya ukutani. Akaruka maelezo ya mvua. Akaruka barua. Jumamosi moja akaruka sura nzima: "Basi wakagombana, mwishowe wakapatana."

Baba akainua kiganja. "Walipatanaje?"

"Walipatana tu, kaka."

"Hapo pana kurasa kumi na tisa. Nilizipitia mara tatu." "Umeniona kipofu, ukaniona na mjinga. Funga kitabu. Usinisomee tena."

Uso ukamshuka shangazi. Alijaribu kuomba radhi, lakini baba alikuwa ameshatia pamba masikioni.

Mwezi uliofuata shangazi alisikia kwamba maktaba ya wasioona inatafuta watu wa kujitolea kurekodi vitabu kwa sauti. Akaenda akijua atapokewa kwa shangwe, sauti yake si mji mzima unaijua? Chumba cha kurekodia kilikuwa zamani stoo ya mafagio, kuta zimebandikwa magodoro yaliyochakaa. Feni ilizimwa kwa sababu inavuma, bangili akaambiwa avue. Fundi mitambo, mwanamke wa makamo mwenye miwani mizito, alimsikiliza kwa dakika kumi, kisha akabonyeza kitufe.

"Mama, unasoma kama unaita wagonjwa dirishani. Anayekusikiliza hana haraka. Halafu tumbo lako limesema mengi kuliko mwandishi. Ukirudi, kula kwanza."

Akarudi nyumbani amefura kwa hasira, lakini hakuacha. Alijifungia ndani ya kabati, katikati ya makoti, akafanya mazoezi na tochi mkononi. Mumewe akawa anawaambia majirani, "Nimeachwa jamani. Mke wangu ameolewa na kabati." Jaribio la pili akashindwa. La tatu akapita, na hapo hapo akaitaka riwaya ya kiwanda cha chumvi.

"Wanaoanza tunawapa vitabu vyembamba," fundi akasema.

"Nipe hicho, au nirudi kwangu."

Ilimchukua miezi saba. Akikosea neno, anarudi mwanzo wa sentensi. Alitia alama kwa penseli kila mahali pa kuvuta pumzi. Ile sura ya kurasa kumi na tisa aliirekodi kwa siku nne, kisha akaomba ifutwe aanze upya. Kazi ilipokamilika, akaleta mwenyewe kicheza sauti cha maktaba chenye riwaya hiyo, akakiweka mezani, akaondoka bila kukaa.

Baba alisikiliza kwa siku nane, kichwa kimeinama, midomo ikicheza. Jumamosi shangazi akaja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Umesikia, kaka?"

"Nimesikia. Hukuruka hata mstari. Hata tanbihi umesoma."

Shangazi akatabasamu.

"Kumbe ulikuwa unaweza," baba akasema. "Watu usiowajua umewapa miezi saba. Mimi nilikuwa nakuomba saa mbili."

"Nilikusomea wewe! Kila neno nilikuwa nakuona wewe!"

"Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki hiki, mdogo wangu. Hukuwa na haja ya kwenda kunitafuta kwenye stoo ya mafagio."

Shangazi akainuka. Nilimsindikiza hadi kituoni. Njiani nikasema baba amezidi, roho yake imekuwa ya jiwe. Alisimama ghafla, akajipangusa macho kwa kiganja.

"Na wewe je? Unalala naye nyumba moja. Macho yako mazima. Umemsomea kurasa ngapi?"

Basi likaja, akapanda, hakugeuka.

Baba aliishi miaka miwili zaidi. Maktaba ilimletea vitabu vingi, akavisikiliza vyote isipokuwa vya shangazi. Sauti yake ikianza tu, mkono wa baba ulikwenda kwenye kitufe. Mara mbili tatu nilikaa karibu naye na gazeti, nikasema, "Baba, nikusomee?" Alikuwa akijibu kwa upole, "Usijisumbue mwanangu, una kazi nyingi," nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nashusha pumzi.

Tulipomzika, shangazi alisimama nyuma ya wote. Wiki iliyofuata nilirudisha kicheza sauti maktaba. Fundi akakipangusa kwa kitambaa, akaandika jina la mzee mwingine kwenye karatasi, akaibandika juu. Nyuma ya mlango uliofungwa shangazi alikuwa anarekodi kitabu cha ufugaji wa nyuki, taratibu, neno kwa neno. Nilisikiliza hadi alipofunua ukurasa, kisha nikaondoka bila kubisha.