Miaka ya Marehemu

Bwana aliyetoka Kinshasa alitueleza sisi waandishi mkutanoni kwamba haki ya mwandishi juu ya kazi zake irefushwe, idumu miaka mingi zaidi baada ya kifo chake, ili tupate moyo wa kuandika. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikunja mikono. Nilikuwa nimekasirika, na wenzangu wakadhani namwonea wivu yule bwana.

Nilikuwa namkumbuka rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Tshopo. Aliandika hadithi kwa kalamu, kisha akawasomea watoto wa wavuvi wa maporomoko ya mto. Wakicheka, aliiacha ilivyo. Wasipocheka, alifuta akaanza upya. Hicho ndicho kilichomtuma kuandika, kicheko cha watoto wenye njaa. Sikumsikia hata siku moja akiulizia miaka ya baada ya kaburi.

Alipofariki, hata matanga hayajaisha, ndugu zake wakafika kutoka Opala. Kwetu mume akifa, ukoo wake huja kukusanya. Walibeba kitanda, friji, suruali zake, hata masufuria aliyonunua mjane mwenyewe. Mjane hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, sanduku la hadithi, ili wanawe wabaki na sauti ya baba yao. Parokia ilikuwa tayari kuzichapa.

Lakini kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amesikia, redioni nadhani, kwamba maandishi ya mtu hurithiwa kama kiwanja. Akalikalia sanduku.

"Mama, hii makaratasi iko ya famille," alimwambia. "Mutu akitaka kufanya kitabu, akuye kwetu kwanza."

Watu wa parokia wakaenda kwao. Ndugu mmoja akikubali, mwingine alikataa. Huyu naye akilainika, yule wa kwanza aliona amezungukwa, akageuka. Mwishowe parokia ikachoka.

Mwaka jana nilikwenda Opala kwa pikipiki, matope mpaka magotini, nikawaombe mimi mwenyewe. Walinipokea vizuri, wakanionyesha sanduku chini ya paa linalovuja. Karatasi zilikuwa zimeshikana kama chikwange, ule mkate wetu wa muhogo. Wino ulikuwa umeyeyuka, na mchwa walikuwa wamekula kingo zote. Nilijaribu kubandua ukurasa mmoja, ukabaki vidoleni. Nililia mbele yao bila aibu.

Kaka mkubwa alinishika bega.

"Tulichunga muzuri, papa. Hakuna mutu aliiba."

Basi pale ukumbini nilitaka kumuuliza yule bwana: hiyo miaka mnayoongeza ni ya nani? Marehemu haandiki tena, na hakuna sheria itakayomrudishia moyo. Nilisimama ili niseme. Kikohozi kikanikamata, kile kinachonisumbua tangu masika, nikatoka nje nimeziba mdomo kwa leso.

Nyumbani nilimkuta kaka yangu sebuleni, anakunywa chai. Alikuwa amesikia habari za kifua changu, akasafiri kuja kuniona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nilipokuwa mzima. Aliniuliza mkutano ulihusu nini. Mdomo uliponza kichwa: nikamweleza yote aliyosema bwana wa Kinshasa, na hasira yangu juu yake.

Hasira hakuisikia. Aliweka kikombe chini, akautazama mlango wa chumba changu.

"Leki, mudogo yangu," akasema kwa upole, "ile makaratasi yako, unaiwekaka wapi?"